Mvua Inayokuja Kinyume cha Upepo: Mwongozo Kamili wa Kusoma Dhoruba Kisumu na Kandokando ya Ziwa

Saa saba unusu mchana, ufuo wa Dunga. Akina mama wametandaza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, jua linachoma, na upepo wa ziwani unawapoza migongo. Upande wa mashariki, juu ya milima ya Nandi, mawingu meupe yanafura kama maziwa yanayokaribia kumwagika jikoni. Kijana mgeni anauliza kama leo itanyesha. Mama anayegeuza omena kwa viganja hainui hata uso. Anatazama moshi wa jiko la jirani anayekaanga samaki aina ya ngege. Moshi umelala kuelekea bara.

"Bado, mwanangu. Huo moshi ukisimama wima, naanza kukunja. Ukigeuka ukaelekea ziwani, utakuta nimeshamaliza."

Nimefundisha jiografia miaka mingi, na sijasikia somo la dhoruba za Kisumu lililo fupi na sahihi kuliko hilo. Mwongozo huu ni maelezo ya moshi ule: kwa nini unalala bara mchana, kwa nini husimama, kwa nini hugeuka, na wewe uwe umefanya nini katika kila hatua. Nimeuandika kwa ajili ya mvuvi, mkulima, mwendesha boda boda na mzazi mwenye watoto wanaotembea kutoka shuleni saa kumi.

Kabla ya yote: weka kando ramani za Ulaya

Wengi wetu shuleni tulichora mistari yenye meno ya buluu na nusu duara nyekundu, mipaka ya hewa baridi na hewa joto. Mafundisho hayo yalitoka kwa wanasayansi wa Bergen, Norwei, akina Vilhelm Bjerknes na mwanawe Jacob, mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mipaka hiyo waliipa jina la mistari ya mapambano ya majeshi, kwa sababu kule kwao hewa ya ncha ya kaskazini hugongana kweli na hewa ya joto, na mpaka wao unaweza kunyooka kilomita elfu na zaidi.

Kwetu hakuna hewa ya ncha ya dunia inayofika. Ikweta inapita Maseno, safari fupi ya matatu kutoka Kisumu. Hapo nguvu ya mzunguko wa dunia inayopinda pepo na kuzifanya zizunguke kama gurudumu ni sifuri. Ndiyo maana vimbunga vikubwa vya bahari haviumbiki karibu na ikweta, kwa kawaida ndani ya nyuzi 5 hivi kila upande. Ile kanuni ya kuupa upepo mgongo ili ujue kanieneo (mgandamizo) ndogo ya hewa iko mkono gani pia haifanyi kazi hapa. Ukiikuta mtandaoni, iache.

Dhoruba zetu huzaliwa nyumbani, karibu kila siku, kutokana na ziwa, jua na milima. Kwa hiyo zina ratiba.

Hatua ya 1: Jua ni hewa gani imeingia

Hewa ikikaa mahali kwa siku nyingi huchukua tabia ya pale. Iliyokaa jangwani huwa kavu, iliyokaa juu ya bahari au msitu huwa na mvuke. Magharibi mwa Kenya hupokea wageni watatu.

Wa kwanza ni kaskazi, hasa kati ya Desemba na Februari. Hutoka upande wa Arabuni na Pembe ya Afrika, na kwa kawaida hutufikia ikiwa kavu. Wa pili ni upepo wa kusini mashariki, ndugu wa kusi ya Pwani, unaotoka Bahari ya Hindi na kumwaga mvuke mwingi njiani kabla ya kuvuka Bonde la Ufa. Wa tatu, ambaye watu wa Nairobi hawamjui vizuri, ni hewa ya magharibi kutoka msitu wa Kongo. Huyu ndiye anayefanya Kakamega, Bungoma na Kitale zinyeshewe Julai na Agosti, wakati Machakos kumekauka. Kaskazi na kusi zinapokutana, ukanda wa makutano yao hupita juu yetu ukifuata jua, na ndipo tunapata mvua za masika za Machi hadi Mei na vuli za Oktoba hadi Desemba.

Mambo ya mbali pia yana mkono hapa. Machi 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Msumbiji kilivuta unyevu kuelekea kusini, na masika yetu yakachelewa.

Utajuaje ni hewa ipi leo, bila kifaa? Asubuhi simama mahali unapoona mbali. Mlima Homa ng'ambo ya ghuba ukiwa umefifia kwa vumbi na ukungu mkavu, hewa ni ya kaskazi, na dhoruba itapata shida kuumbika. Milima ikiwa karibu na wazi kana kwamba imeoshwa, chumvi imeshikamana mkebeni na nguo za jana hazijakauka vizuri kwenye kamba, mvuke upo wa kutosha. Kisha angalia saa ambayo wingu la kwanza la pamba linatokea. Likianza kabla ya saa nne na tumbo lake likiwa chini, siku hiyo ina shughuli.

Hatua ya 2: Fuata ratiba ya ziwa

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole, lakini udongo wa uwanda wa Kano, mashariki mwa Kisumu, hupata joto haraka, ukitembea pekupeku saa nane utaamini. Hewa iliyo juu ya nchi kavu ikipata joto hupanuka na kupanda, na hewa ya ziwani huingia kushika nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwani. Huanza mnamo saa nne au saa tano asubuhi na hufikia nguvu zake saa nane, saa tisa.

Kipimo chake kizuri ni magugu maji. Asubuhi unaweza kuyakuta yametawanyika mbali kwenye Ghuba ya Winam, lakini alasiri yamesukumwa yakaziba ufuo wa Kisumu hadi boti zinashindwa kutia nanga. Magugu hayana injini. Yakija, jua upepo wa ziwani umeshika.

Sasa ufuatilie upepo huo unakokwenda. Unavuka uwanda wa Kano, unapita Ahero na Chemelil, unafika chini ya ukuta wa milima ya Nandi na nyanda za juu za Kericho. Huko unakutana na mambo mawili kwa mpigo: mlima unaoulazimisha kupanda, na upepo wa mashariki unaoshuka kutoka upande wa pili. Pepo mbili zikikutana uso kwa uso, hewa haina njia ila kwenda juu. Huu ndio mpaka wetu wa hewa. Hauchorwi kwenye ramani za Ulaya, na unaundwa upya kila mchana.

Nakuru ina mpango kama huo kwa kiasi kidogo zaidi: sakafu ya Bonde la Ufa hupata joto, hewa hupanda kingo za Mau na Menengai, na mvua ya alasiri hushuka kutoka huko. Ila ziwa lao ni dogo mno kulisha dhoruba kama letu.

Hatua ya 3: Tazama wingu likikua, usitazame rangi tu

Hewa inayopanda hupoa kama nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita, mpaka mvuke wake uanze kugeuka matone. Hapo ndipo tumbo la wingu linapokaa, bapa kama meza. Kinachofuata ndicho siri ya dhoruba. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji huachilia joto linaloweza kuchemsha karibu lita 7 za maji uliyochota sasa hivi. Joto hilo hubaki ndani ya wingu, huipasha hewa, nayo huzidi kupanda. Wingu hujilisha lenyewe.

Ulinganishe urefu wake na upana wake. Wingu pana kuliko lilivyo refu halina neno. Likiwa refu kuliko upana wake, na kichwa chake kina kingo kali kama koliflawa, lihesabie nusu saa. Kichwa kikianza kutandaa na kuchakaa kama pamba iliyovutwa, mpaka kikawa kama fuawe la mhunzi, barafu imeshaumbika huko juu. Hilo ni wingu la radi kamili, na kilele chake kinaweza kupita kilomita 12 kutoka usawa wa bahari.

Weusi wa wingu peke yake hudanganya. Wingu jembamba likikaa kati yako na jua huonekana jeusi, na dhoruba kubwa iliyo mashariki alasiri, ikimulikwa na jua la magharibi, huonekana nyeupe ya kupendeza. Wageni hupiga picha za mawingu hayo wakiwa Hippo Point bila kujua kwamba yanawajia.

Hatua ya 4: Upepo ukikatika, ondoka

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili.

Watu hudhani mvua husafiri na upepo wanaousikia usoni, kwamba ukivuma kutoka ziwani na wingu liko Nandi, basi wingu linasukumwa mbali. Sivyo. Upepo wa chini unaousikia ni chakula cha dhoruba, nayo inauvuta kwake kama moto unavyovuta hewa mlangoni pa tanuri. Wingu lenyewe hubebwa na upepo wa juu, na upepo wa juu hapa kwetu mara nyingi hutoka mashariki. Kwa hiyo dhoruba ya alasiri hushuka kutoka Nandi kuelekea Kisumu kinyume kabisa cha upepo unaokupoza.

Ndani ya wingu mvua ikianza kuanguka huivuta hewa chini, na sehemu ya matone hugeuka mvuke tena njiani. Kugeuka huko hula joto, kama jasho linavyokupoza. Hewa hiyo nzito na baridi huanguka, hugonga ardhi na kutandaa pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ukingo wake unaweza kutangulia mvua kwa kilomita 10 au zaidi, na kasi yake wakati mwingine hupita kilomita 60 kwa saa. Unapogongana na upepo wa ziwani, kwa dakika chache nguvu hulingana. Moshi husimama wima. Majani hunyamaza. Halafu baridi inaingia.

Nilijifunza hili vibaya. Nilikuwa kwenye boti ya abiria ndani ya ghuba, watu tisa, jua limetuwakia, na mvua tunaiona ikining'inia mbali juu ya milima. Upepo ukakatika na maji yakalainika kama mafuta. Nahodha alifurahi, akaongeza mwendo. Hazikupita dakika kumi, tukaona mstari mweusi umelala juu ya maji upande wa mashariki, unatukaribia. Ulipotufikia boti ilikuwa imekaa ubavu. Tulichota maji kwa mitungi na kwa ndoo ya samaki, na jaketi za kuokoa maisha zilikuwa zimefungwa fundo moja chini ya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kamba imelowa, vidole vinatetemeka. Tulifika. Tangu siku hiyo sipandi chombo kabla ya jaketi kuwa mwilini.

Kwa hiyo, ukiwa ziwani na upepo wa ziwani ukakatika ghafla kati ya saa nane na saa kumi na mbili, huku wingu refu liko mashariki: vaa jaketi saa hiyohiyo, elekea ufuo ulio karibu hata kama sio wako, shusha tanga, na shusha mizigo sakafuni. Mstari mweusi ukikuwahi, elekeza omo kwenye upepo, punguza mwendo lakini usizime injini, na kila mtu aketi chini. Ghuba haina kina kirefu, hivyo mawimbi yake ni mafupi, yamesimama na yamefuatana, na boti iliyokaa ubavu haipati nafasi ya kuinuka kati ya wimbi na wimbi.

Ukiwa nchi kavu, funga madirisha ya upande wa mashariki kwanza. Toka chini ya mabango na mabati yaliyolegea. Mwendesha boda boda, simama mahali penye kuta kabla ya baridi kufika, kwa sababu dhoruba hii hupiga ubavu wa pikipiki na vumbi hutangulia matone.

Wingu moja huishi kati ya nusu saa na saa moja. Lakini ile hewa baridi iliyotandaa huinua hewa nyingine ya joto mbele yake, na wingu jipya huzaliwa. Ndiyo maana mvua ya Kisumu huacha, hutulia dakika ishirini, kisha hurudi kwa nguvu.

Hatua ya 5: Radi

Ndani ya wingu vipande vya barafu hugongana na vijiwe laini vya mvua ya mawe. Kila mgongano huhamisha chaji ya umeme, mpaka tumbo la wingu likajaa chaji hasi na ardhi chini yake ikaitika kwa chaji chanya. Kituo cha Tororo, ng'ambo kidogo ya Malaba, kilihesabu wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Kisii na Kakamega ziko ndani ya ukanda uleule.

Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Gawanya kwa tatu, upate kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na radi inaweza kuruka umbali huo. Ukihesabu chini ya 30, ingia ndani. Ukisikia ngurumo ya mwisho, ngoja dakika 30 kabla ya kutoka. Watu wengi hupigwa mwanzoni, kabla mvua haijaanza, au mwishoni, wakidhani imekwisha.

Ndani maana yake ni nyumba yenye kuta na nyaya za umeme zilizofungwa vizuri, au gari lenye bodi ya chuma na madirisha yaliyofungwa. Kibanda cha mabati kilicho wazi pembeni si kinga. Mti ni mtego: radi ikiupiga, umeme husambaa ardhini, na ng'ombe, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, hupitishwa umeme moyoni. Ndiyo sababu kundi zima hufa chini ya mkuyu mmoja. Ukinaswa shambani, tupa jembe, ondoka kwenye kilima na uzio wa waya, chutama miguu ikiwa pamoja, na kama mko kundi mtawanyike. Usilale chini.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimesikia watu wakizuiwa kumgusa mpaka tambiko lifanyike. Mguse. Kama hapumui, bonyeza kifua chake katikati, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga 1199 ya Msalaba Mwekundu au 999. Moyo uliosimamishwa na radi huweza kuanza tena.

Hatua ya 6: Mvua ya mawe, kwa wenye chai na mboga

Kericho na Nandi Hills zimejulikana duniani kwa wingi wa siku za mvua ya mawe, kiasi kwamba katika miaka ya 1960 mashamba ya chai yalifanyiwa majaribio ya kurushia mawingu iodidi ya fedha, kemikali ya kujaribu kuzuia mawe hayo. Sababu ni kimo: shamba lililo mita 2,000 liko karibu na tabaka la kuganda, kwa hiyo jiwe halipati muda wa kuyeyuka likianguka. Kisumu, mita 1,140 hivi, wingu lilelile hutupa matone makubwa ya baridi.

Mkulima wa mboga, nyavu za kivuli uzifunge kwa mteremko ili mawe yateleze, zikilala bapa zitachanika. Mboga zilizopigwa zichume siku hiyohiyo kabla ya kuoza.

Hatua ya 7: Usiku, ratiba inageuka

Baada ya jua kuzama nchi kavu hupoa upesi, ziwa linabaki na joto. Hewa nzito huteremka kutoka milimani na kutoka ufuoni pande zote za ziwa, ya Kenya, Uganda na Tanzania, na zote hukutana katikati ya maji. Dhoruba za ziwani huiva kati ya usiku wa manane na alfajiri, hasa nusu ya magharibi. Mvuvi wa omena hutoka na taa wakati wa giza la mwezi, saa zilezile. Upepo unaomsaidia kutoka ufuoni ndio unaokwenda kujenga dhoruba mbele yake, na gizani haoni mstari mweusi juu ya maji. Anachoona ni mimweko. Mimweko ikipanda kutoka upeo wa macho hadi umbali wa ngumi mbili zilizonyooshwa, kusanya nyavu.

Hatua ya 8: Simu yako na utabiri

Idara ya Hali ya Hewa Kenya hutoa utabiri wa kila siku, na upo utabiri maalumu wa Ziwa Victoria uliogawanywa kwa maeneo ya ziwa, wenye kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Kasi hiyo ikiandikwa kwa noti (knots), kumbuka kwamba noti 20 ni kilomita 37 kwa saa, ambayo kwa boti ndogo ya mbao inatosha kukubakiza nyumbani. Ukisoma "ngurumo katika maeneo machache", elewa kwamba uchache ni wa eneo. Hausemi kitu kuhusu ukali. Budalang'i wana redio ya Bulala inayotangaza haya kwa lugha ya wenyeji, na kule Bunyore ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua wa jadi, hukaa meza moja na wataalamu wa idara kulinganisha dalili za miti na wadudu na hesabu za msimu. Naheshimu sana kazi hiyo.

Simu nyingine zina kipimo cha kanieneo ya hewa. Kisumu kitasoma kati ya hektopaskali 880 na 890 kwa sababu ya kimo chetu, hivyo usishtuke kwamba si 1013 ya usawa wa bahari. Tena usishtuke kikishuka kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Karibu na ikweta kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama maji ya bahari, hata siku ya jua kali. Kinachofaa kukuamsha ni kinyume chake: kupanda kwa ghafla ndani ya dakika chache alasiri. Hapo hewa baridi imeshafika, na kwa kawaida utakuwa umeshaisikia shingoni.

Mwenye intaneti afungue picha za setilaiti ya Meteosat, ambazo huja kila dakika 10 au 15, azitazame zikifuatana kwa saa mbili. Doa jeupe linalopanuka juu ya Nandi na ukingo wake kuelekea magharibi ni letu. Mvuvi afanye hivyo tena kabla ya kuwasha taa, safari hii akitazama upande wa Busia, Bugiri na visiwa vya Ssese, na aache namba ya simu ya mtu wa ufuoni ambaye hatalala mpaka boti irudi.